Nilivyolipunguzia lori langu kuukuu ulaji wa dizeli

Nina lori la Isuzu lenye injini ya 4BD1: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 3,856, pampu ya mstari (pampu ya dizeli yenye visukumio vya silinda zote vikiwa vimepangwa safu moja), na nyaya chache kiasi kwamba likishawaka halizihitaji sana. Kila anayelisikia likinguruma hunipa ushauri uleule: uza hilo, tafuta jipya, magari ya zamani yanakula mafuta. Sikubali, na si kwa ubahili tu.

Injini hii hupuliziwa dizeli moja kwa moja juu ya kichwa cha pistoni. Haina kile kichumba cha pembeni ambacho dizeli nyingi ndogo za enzi zake zilikuwa nacho. Kichumba kile huifanya injini ingurume kwa upole, lakini kuta zake hunyonya joto ambalo lingesukuma pistoni, ndiyo maana injini za namna hiyo hula zaidi kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa asili yake, basi, lori langu si lafi. Lililafishwa.

Mambo mawili hulafisha lori kuukuu. La kwanza, hutoka kwenye vipimo vyake kidogokidogo, na mwenyewe huzoea. La pili ndilo ambalo watu hawaligusi: huzungushwa kasi kuliko kazi inayofanyika. Kila mzunguko wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, una gharama yake hata kama hauvuti kitu. Ringi zinasugua silinda, beringi zinasugua, pampu ya maji na ya oili zinadai chao, feni inapiga hewa. Injini ikipiga mizunguko 3,000 kwa dakika kufanya kazi ambayo ingefanywa kwa 2,500, hizo 500 za ziada ni dizeli unayoichoma ili chuma kisuguane na chuma. Karibu kila nilichobadilisha kilikuwa kinaelekea kwenye shabaha moja: injini iweze kuvuta mzigo uleule ikizunguka polepole.

Kabla ya spana nilishika kalamu. Najaza tangi mpaka dizeli ionekane shingoni, lori likiwa limesimama mahali pasipo mwinuko, naandika kilomita, uzito wa mzigo na njia niliyopita. Nikijaza tena nafanya vilevile. Siku ya upepo mkali siihesabu. Tanki moja halisemi kitu; unahitaji mengi mpaka namba ziache kurukaruka. Likiwa na tani tatu mgongoni lilikuwa linakwenda chini kidogo ya kilomita 5 kwa lita. Anayesema kifaa fulani kimempunguzia mafuta naye hajawahi kuandika chochote, huwa namsikiliza kwa adabu tu.

Nilianzia kwenye pampu na nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, kwa sababu lori lilikuwa linatoa moshi mweusi kila nikikanyaga. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungua. Umeyalipia, kisha unayaona yakipeperuka nyuma yako. Mtu aliyekuwa na lori hili kabla yangu alikuwa ameifungua skrubu ya mafuta ya pampu ili apate nguvu. Nguvu aliipata kidogo. Injini isiyo na tabo, yaani kishindilia hewa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, ina kiasi chake cha hewa, na ukizidisha dizeli juu ya kiasi hicho unazidisha masizi.

Fundi wa pampu aliniuliza swali moja tu.

“Mzee, unataka nguvu au unataka mafuta?”

“Mafuta, fundi.”

“Basi usije ukanilaumu mlimani.”

“Sikulaumu. Wewe funga kama kitabu kinavyosema.”

Nozeli alizipima mbele yangu. Mashine yenyewe ni rahisi: tangi dogo, mkono wa kusukuma, geji, na nozeli inaning'inia ikitazama chini. Unasukuma polepole huku unaitazama geji mpaka ifyatue. Nozeli nzima hufyatua kwa mlio mkavu, na dizeli inatoka kama ukungu mwembamba, mkia mmoja kwa kila kitundu, yote sawa. Mbili za kwangu zilifyatua mapema kuliko kipimo kwa kuwa springi zilikuwa zimechoka. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya kufyatua, tone lilibaki limening'inia kwenye ncha, likanenepa, likadondoka. Tone kama hilo likiwa ndani ya silinda haliungui kwa wakati. Linaungua likiwa limechelewa, linageuka kuwa masizi na kuchafua oili. Ncha zilibadilishwa zote nne, kisha akarekebisha mgandamizo wa springi kwa vishimu, visahani vyembamba vya chuma, nozeli moja baada ya nyingine, mpaka zote zikafyatua palepale.

Kisha taimingi, yaani wakati pampu inapoanza kusukuma mafuta. Ningeambiwa nichague kazi moja ya kumshauri mwenye dizeli ya pampu ya mstari, ningechagua hii, maana haihitaji kununua kitu. Kuna bamba au puli yenye alama za digrii, na kitabu cha injini kinakwambia pampu ianze kusukuma mafuta digrii ngapi kabla pistoni namba moja haijafika juu. Gia za taimingi zikilika na kapilingi ya pampu ikilegea, muda huo unasogea nyuma. Mafuta yanaanza kuungua wakati pistoni imeshaanza kushuka. Joto ambalo lingesukuma linakwenda zake ekzosi. Dereva anachoona ni lori zito, ekzosi ya moto na moshi mweupe asubuhi.

Namna ya kupima ni hii. Unafungua bomba la mafuta la silinda namba moja juu ya pampu, unatoa valvu ndogo na springi yake, unarudisha kishikio na kufunga kibomba kifupi kilichopinda. Ukipiga pampu ya mkono, dizeli inachuruzika kwenye kibomba bila kukatika. Sasa unazungusha krenki kwa spana, taratibu sana, upande inakozunguka siku zote, huku mwenzako anaendelea kupiga pampu ya mkono. Mchuruziko unapungua, unakuwa matone, na matone yanaanza kuachana. Yanapokaribia kukoma, pistoni ndogo ya pampu imeziba tundu lake na hapo ndipo usukumaji unapoanza. Simama hapo hapo na utazame alama. Ukipitiliza hata kidogo, usirudishe kinyume kidogo tu ukaishia hapo. Rudi nyuma sana kisha uje tena mbele, la sivyo nafasi iliyo kati ya meno ya gia itakudanganya. Ya kwangu ilikuwa imechelewa. Unalegeza nati za pampu, unaiinamisha kidogo, unafunga, unapima tena. Kuna wanaoisogeza mbele zaidi ya kitabu wakidhani watapata zaidi. Injini itagonga, na gasketi ya silinda hedi ndiyo itakayolipa.

Tapeti, yaani mwanya wa valvu, nilizipima siku hiyohiyo, 0.40 mm injini ikiwa baridi, na sina la kuongeza juu ya hilo.

Thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye radieta mpaka injini ipate joto, ilikuwa haipo. Hili lipo kwenye malori mengi: likichemsha siku moja, mtu anaing'oa, halafu inasahauliwa. Injini ya dizeli inataka kukaa kwenye nyuzi 80 na kitu. Isipofika hapo, sehemu ya joto la mafuta inakwenda kupasha maji badala ya kusukuma, oili inabaki nzito, na silinda zinalika upesi. Geji yangu ilikuwa haipandi kabisa kwenye mteremko. Niliweka ya nyuzi 82, nikaosha radieta vizuri ili sababu ya kuing'oa isijirudie.

Feni nayo ilikuwa imekazwa kwa bolti moja kwa moja kwenye puli, inazunguka muda wote, mvua au jua. Nguvu inayotumiwa na feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake; ukiuongeza mwendo maradufu, inadai mara nane. Nilirudisha ile ya klachi ya silikoni, ambayo hujikaza hewa inayotoka kwenye radieta ikiwa ya moto na hujilegeza ikipoa. Ukimya ulioingia kwenye kebini ulinifanya nidhani kuna kitu kimekatika.

Kufikia hapo namba zilikuwa zimetulia karibu na kilomita 5 na nusu kwa lita. Wengi wangeishia hapo, na si vibaya. Hayo yote ni matengenezo, yaani kuirudisha injini ilikotoka. Mageuzi yenyewe yalikuja na difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye tairi.

Difu iliyokuwamo ilikuwa ya meno 39 kwa 7, yaani 5.571. Gia ya mwisho ya gia boksi langu ni moja kwa moja, haipunguzi wala kuongeza mzunguko, na tairi likizunguka mara moja lori linasogea kama mita 2.45. Piga hesabu: kwa kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 3,030 kwa dakika. Ni kasi ya kuchosha kwa dizeli kubwa hivi. Nguvu zake za kuvuta ziko chini zaidi, kwenye mizunguko 2,000 na ushei, na huko ndiko kila gramu ya dizeli inakofanya kazi kubwa zaidi. Nilipata krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za difu, ya meno 43 kwa 9, yaani 4.778. Kwa mwendo uleule injini inashuka hadi 2,600 hivi. Kwa kilomita 70, ambao ndio mwendo wangu hasa, inapiga chini kidogo ya 2,300. Na ile hesabu ya feni ikumbuke hapa: kushuka kwa asilimia 14 ya mwendo kunaipunguzia feni zaidi ya theluthi ya inachodai, hata ikiwa imekaza.

Tatizo ni kwamba injini isiyo na tabo ikibebeshwa difu ndefu hivyo inakosa pumzi. Kila kilima kidogo unashuka gia, na ukishashuka gia faida yote imekwenda. Ndiyo sababu tabo ilitangulia kufungwa kabla ya difu. Kiwanda chenyewe kilitoa toleo la 4BD1T, lenye tabo, kwa hiyo manifoldi ya kuichukua ipo na inakaa bila kuchomelea. Sikuifunga kwa ajili ya mbio.

Hapa wengi huchanganya. Tabo peke yake haichomi mafuta wala haiokoi mafuta; inaleta hewa. Katika dizeli ya kawaida, kwa makadirio ya jumla, theluthi ya nishati ya mafuta hufika kwenye krenki, theluthi huondoka na maji ya kupoozea, na theluthi hutoka na moshi. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi huo kuzungusha kishindilia hewa. Ukiongeza hewa na kuiacha dizeli ilivyo, uunguaji unakuwa safi na ekzosi inapoa. Ukiongeza hewa na kufungua pampu, umetengeneza lori la mashindano. Mimi niliweka msukumo wa hewa wa nusu baa tu (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida), kisha fundi akaongeza mafuta kwa kiasi kidogo, kiasi kwamba nikikanyaga mpaka sakafuni mlimani moshi unaonekana kwa shida. Kwa hiyo kwenye mizunguko 2,000 injini sasa inavuta kama ilivyokuwa inavuta ikipiga mizunguko mingi zaidi, na difu ndefu inabebeka.

Usifunge tabo kwenye dizeli ya pampu bila geji ya joto la ekzosi. Kihisi chake kinakaa kwenye manifoldi kabla ya tabo. Mstari wangu ni nyuzi 700. Nikiukaribia naachia mguu au nashuka gia. Pistoni ni za aloi ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachoziokoa ni kwamba chuma chenyewe hakifikii joto la moshi, kinapoozwa na oili na kuta za silinda. Nafasi ya kuchezea si kubwa. Halafu oili: beringi ya tabo inaelea juu ya oili ya injini, kwa hiyo nabadilisha mapema, na nikifika ninakokwenda naacha injini ingurume kidogo kabla ya kuzima, ili ule mhimili usibaki ukizunguka mkavu na oili iliyonaswa humo isiungue ikawa mkaa.

Sasa kuna mtego wa hesabu ambao ningependa kila anayebadilisha difu au tairi aufahamu. Kwenye lori langu waya wa spidi unatoka kwenye gia boksi, yaani kabla ya difu. Ukiweka difu ndefu, gia boksi linazunguka kidogo kwa umbali uleule, na dashibodi inahesabu kilomita pungufu. Kwa difu zangu mbili, ukitembea kilomita 100 halisi dashibodi inaandika 86 hivi. Tuseme lori lilikuwa linakwenda kilomita 5 kwa lita na sasa linakwenda 5.83. Gawanya kilomita za dashibodi kwa lita ulizojaza, utapata 5 ileile. Akiba ya zaidi ya asilimia 16 imemezwa na kidude cha gia kilicho mwisho wa waya. Nimeshasikia watu wakiapa kwamba difu ndefu haisaidii kitu, na huwa nawauliza kwanza walisahihisha vipi kilomita. Upande wa pili ni mbaya zaidi: anayeweka difu fupi au tairi dogo anaona dashibodi ikimpongeza. Mimi nilizidisha kwa 1.166 mpaka nilipopata gia ndogo ya waya inayolingana, kisha nikahakiki kwa nguzo za kilomita za barabarani.

Kwa kilomita zilizosahihishwa, lori linakwenda karibu 6 na nusu kwa lita, tani tatu zilezile mgongoni. Gharama ya tabo na difu si ndogo. Kama lori lako linatembea kidogo, fanya pampu, nozeli, taimingi, thamostati na feni, halafu pumzika.

Na kama unapanda milima mirefu na mzigo wa kujaa, difu usiiguse. Gia ya kwanza nayo imekuwa ndefu kwa asilimia 14, na tabo haisaidii chochote wakati wa kung'oka, kwa sababu injini ikiwa inazunguka polepole hakuna moshi wa kutosha kuisukuma. Kinachobeba mzigo huo ni klachi. Kwangu mimi, njia ninazopita zina vilima vya kawaida, na hata hivyo kuna lango moja lenye mwinuko ambalo siku hizi naliingia kwa heshima zaidi.

Naulizwa sana kuhusu sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, na mitungi ya kuchanganua maji kutoa gesi ya kuingiza kwenye hewa. Sumaku haina cha kuifanyia dizeli. Ile mitungi inakula umeme wa altaneta, altaneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini, na kila hatua inakata chake. Gesi unayoirudisha haiwezi kulipa hata ulichokopa. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta na kukuta vichache mno vyenye faida yoyote, nayo ndogo. Kama kuna mtu anakuuzia kitu kinachofungwa kwa dakika kumi na kupunguza ulaji kwa asilimia 30, muulize kwa nini viwanda vinavyogombania asilimia moja havikifungi.

Kwenye injini sidhani kama kuna kingine cha kugusa. Kilichobaki ni upepo. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 70 hadi 80 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 31, na bodi yangu ina ukuta wa mbele unaosimama juu ya kebini kwa karibu mita moja, bapa kabisa. Nimeshapima upana, nimepata bati jepesi na mabomba ya kuishikilia, na kazi ya wiki ijayo ni kuamua mwinamo. Baada ya hapo najaza tangi mpaka shingoni na kufungua ukurasa mpya wa daftari.